Kabla ya kununua oksimita, tuulize imejaribiwa kwa ngozi ya nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niwafikishie Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, pamoja na Bohari ya Dawa, MSD, ombi moja ambalo naamini linamhusu kila msomaji wako aliyewahi kubanwa kidole hospitalini. Ombi lenyewe ni kwamba kifaa chochote kinachopima mwili kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi kisisajiliwe wala kununuliwa kwa fedha za umma mpaka mtengenezaji aonyeshe kwa maandishi kwamba kimejaribiwa kwa watu wenye ngozi nyeusi, aeleze watu hao walikuwa wangapi, na aseme kosa la kifaa kwao lilikuwa kubwa kiasi gani. Nimefanya kazi ya ufundi wa vifaa tiba kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na katika karatasi za zabuni zilizopita mikononi mwangu sikuwahi kuliona swali hilo likiulizwa.

Ninayoizungumzia zaidi ni oksimita, kile kibanio kidogo kinachowekwa kidoleni na kutoa namba ya asilimia ya oksijeni iliyomo katika damu. Zamani wengi wetu tulikutana nacho kwenye chumba cha upasuaji tu, na ni janga la UVIKO-19 lililokitoa huko na kukifikisha wodini, kwenye zahanati, na hata majumbani mwa wenye uwezo. Sina ugomvi na kifaa hiki. Hakichomi sindano, hakihitaji maabara, kinatumia betri ndogo, na katika nchi ambayo nimonia bado ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wadogo, namba yake inaweza kumwambia mhudumu wa zahanati ya kijijini jambo ambalo macho yake hayawezi kuliona. Mgonjwa aliyepungukiwa oksijeni hugeuka rangi ya bluu midomoni na kwenye kucha pale tu hali inapokuwa imekwisha kuwa mbaya, na juu ya ngozi nyeusi mabadiliko hayo ni magumu zaidi kuyatambua. Kwa maneno mengine, wenye ngozi nyeusi ndio wanaoihitaji oksimita kuliko watu wengine wote, na ndio ambao oksimita huwakosea zaidi.

Sababu yake inaeleweka vizuri mtu akijua kifaa kinavyofanya kazi. Oksimita hupitisha kidoleni miali ya aina mbili, mwekundu unaoonekana na wa infraredi ambao jicho haliuoni. Himoglobini, yaani kile kilichomo katika damu kinachobeba oksijeni, ikiwa imebeba oksijeni na ikiwa haijabeba hunyonya miali hiyo kwa viwango tofauti, na kifaa hulinganisha kiasi kinachotokea upande wa pili kila moyo unapodunda. Wazo hilo ni la mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, aliyelitangaza mwaka 1974, na msingi wake haujabadilika tangu hapo. Lakini mwanga haujigeuzi wenyewe kuwa asilimia. Ili kupata namba, watengenezaji huwachukua watu wa kujitolea wenye afya njema, huwapunguzia hatua kwa hatua oksijeni wanayoivuta, huchukua damu kutoka kwenye ateri zao na kuipima, kisha huoanisha majibu ya damu na majibu ya mwanga. Jedwali linalopatikana huingizwa ndani ya kifaa, na kila mgonjwa atakayebanwa kidole baada ya hapo, awe Oslo au Nachingwea, husomwa kwa kupitia miili ya watu wale wachache wa maabara. Melanini, ambayo ndiyo inayoipa ngozi yetu weusi wake, nayo hunyonya mwanga. Ikiwa wengi wa waliojitolea walikuwa weupe, jedwali halikupata nafasi ya kutosha ya kuijua.

Jambo hili si jipya, na upya wake wa uongo ndio unaoniudhi. Mwaka 1990 madaktari wawili wa Marekani, Amal Jubran na Martin Tobin, walichapisha utafiti wa wagonjwa waliokuwa wakisaidiwa kupumua kwa mashine, wakaonyesha kwamba oksimita iliwakosea zaidi wagonjwa weusi. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule San Francisco walionyesha, kwa watu wenye afya, kwamba juu ya ngozi nyeusi kifaa husoma zaidi ya ukweli, na kwamba kosa hukua kadiri oksijeni inavyoshuka, yaani pale hasa namba sahihi inapohitajika. Wenye viwanda na wenye mamlaka waliendelea na shughuli zao. Ilibidi janga lijaze wodi za wagonjwa mahututi ndipo dunia isikilize: mwezi Desemba 2020, Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza kwamba miongoni mwa wagonjwa ambao oksimita iliwasoma kati ya asilimia 92 na 96, namba ambazo humtuliza muuguzi yeyote, karibu 12 katika kila vipimo 100 vya wagonjwa weusi vilificha oksijeni halisi iliyo chini ya asilimia 88. Kwa wagonjwa weupe ilikuwa karibu 4.

Mtu anaweza kudhani kwamba viwango vya kitaalamu vilikuwa vikali na ni watengenezaji wachache waliovikwepa. Sivyo. Mwongozo wa mwaka 2013 wa FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, uliridhika na majaribio ya watu 10 au zaidi, mradi wawili kati yao au asilimia 15 ya washiriki, kutegemea kipi ni kikubwa, wawe na ngozi nyeusi sana. Watu wawili! Ngozi za watu wawili zilitosha kukisemea kifaa kitakachouzwa Afrika nzima. Januari 2025 mamlaka hiyo ilitoa rasimu mpya inayotaka washiriki 150 au zaidi, waliogawanywa kwa vipimo maalumu vya rangi ya ngozi. Uingereza nayo iliunda jopo huru chini ya Profesa Margaret Whitehead, ambalo ripoti yake ya Machi 2024 ilikiri kwamba vifaa tiba vinaweza kuwadhuru isivyo sawa watu weusi, wanawake na maskini. Hatua hizo ni njema, lakini zimechukuliwa kwa ajili ya raia wa nchi hizo. Sisi tunazipata kama mtu anayepokea nguo aliyoshonewa mwingine.

Niseme jambo ambalo halisemwi sana. Kule Marekani mgonjwa mweusi ni mmoja wa wachache, na kosa la kifaa kwake hupotea ndani ya wastani wa walio wengi. Hapa kwetu mgonjwa mweusi ndiye karibu kila mgonjwa, lakini bado tumehesabiwa kama wachache, kwa sababu walio wengi waliamuliwa kwenye maabara ya mbali na si kwenye wodi zetu. Tena sisi wenyewe hatuna rangi moja. Katika wodi moja anaweza kulala mtu mweusi tititi, mwingine maji ya kunde, na wa tatu mwenye ualbino, na muuguzi akawasoma wote kwa namba moja bila dalili yoyote ya kumwambia ni yupi kati yao anayestahili kutiliwa shaka.

Sasa tuipeleke namba hiyo mahali inapofanya kazi yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaitaka zahanati impe rufaa mtoto mwenye nimonia ambaye oksijeni yake iko chini ya asilimia 90. Tuseme kifaa kimesoma 92 ilhali damu yake ni 88. Mtoto huyo hatapewa rufaa; mama yake atapewa amoksilini na maelekezo ya kurudi akiona hali imebadilika. Mama wa mjini, aliye na hospitali ya wilaya umbali wa bajaji moja, atarudi usiku uleule, atapimwa na mtu mwingine kwa kifaa kingine, na mtungi wa oksijeni utakuwa karibu. Mama aliyetoka kijiji ambacho barabara yake hukatika masika hana nafasi hiyo ya pili. Kosa la kifaa kwao wawili ni lilelile, asilimia nne tu, lakini gharama yake haifanani hata kidogo, na hapo ndipo ninapotaka tupaangalie tunapozungumzia haki katika teknolojia ya afya. Haitoshi kusema kwamba kila zahanati imepewa kifaa sawa. Inabidi tuulize kifaa kikikosea, nani hana pa kukimbilia.

Wapo watakaonijibu kwamba bora kipo kuliko kukosekana, na katika hilo nakubaliana nao kabisa. Sitaki muuguzi yeyote asome barua hii akaitupa oksimita yake. Namba inayoshuka saa baada ya saa kwa mgonjwa yuleyule ina maana hata kama namba yenyewe si sahihi, na wauguzi wazoefu hawakuwahi kuacha kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, kutazama mbavu za mtoto zinavyobonyea anapovuta hewa, na kumuuliza mama kama mtoto ananyonya. Ninachotaka ni kwamba waambiwe waziwazi kuwa kifaa huelekea kuwasifia wagonjwa wetu, kwa sababu mtu aliyeambiwa huacha kuiamini 92 ya mtoto asiye na nguvu hata ya kulia. Wale wa pwani wanajua pia kwamba piko na hina nyeusi kwenye kucha za bibi harusi huweza kukichanganya kifaa, na hubadilisha kidole au kutumia ncha ya sikio. Na wale wa nyanda za baridi wanastahili kujua kwamba mtu aliyevuta moshi wa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa anaweza kusomeka 98 huku akifa, kwa sababu oksimita ya kawaida haitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi. Hili la mwisho si suala la rangi. Nimelitaja kwa sababu waliounda kifaa hawakumfikiria mtu anayelala na jiko.

Hofu yangu kubwa, Ndugu Mhariri, ni kwamba namba hii haitabaki mikononi mwa muuguzi mwenye akili ya kuihoji. Inaingia kwenye programu. Mkoani Mbeya na Morogoro, kati ya mwaka 2021 na 2022, ulifanyika utafiti katika vituo 40 ambapo wahudumu wa baadhi ya vituo walitumia kishikwambi kinachowaongoza hatua kwa hatua katika kumpima mtoto mgonjwa, oksimita ikiwa miongoni mwa vipimo vyake. Matokeo yalikuwa ya kutia moyo sana: watoto walioandikiwa antibiotiki walikuwa karibu asilimia 23, wakati katika vituo visivyotumia programu hiyo walikuwa karibu asilimia 70, na watoto hawakudhurika kwa hilo. Kazi kama hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini kadiri tunavyofanikiwa kuwafanya wahudumu waifuate programu, ndivyo tunavyoongeza uzito wa kila namba inayoingia ndani yake, na programu haitazami mbavu.

Marekani imeshatuonyesha jinsi kosa linavyoweza kujificha ndani ya programu bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake waliichunguza programu iliyotumika kuchagua wagonjwa wanaostahili uangalizi wa ziada. Ilikuwa haikuulizwa kamwe rangi ya mtu. Ilikadiria uhitaji wake kwa kuangalia fedha zilizotumika kumtibu. Kwa kuwa wagonjwa weusi walikuwa wakipata huduma kidogo, gharama zao zilikuwa ndogo, na programu ikawaona wazima. Watafiti walikadiria kwamba kulirekebisha jambo hilo kungepandisha sehemu ya wagonjwa weusi wanaopewa uangalizi huo kutoka karibu asilimia 18 hadi karibu 47. Wanaotaka kutuletea akili mnemba iliyofunzwa kwa kumbukumbu za hospitali zetu waisome habari hiyo mara mbili. Mfugaji anayehama na ng'ombe wake, Mhadzabe wa bonde la Eyasi, mwanamke anayejifungulia nyumbani kwa sababu zahanati iko mbali, wote hao katika kumbukumbu zetu ni watu wasiougua. Programu itakayojifunza kutokana na kumbukumbu hizo itapeleka dawa na wahudumu kule ambako tayari wako.

Kidole hakisomwi na oksimita peke yake. Siku hizi tunakitumia kumtambua mtu: tulisajili laini za simu kwa alama za vidole, na mifumo ya kuhakiki wanachama wa bima inaelekea huko huko. Aliyeshika jembe miaka 40, au aliyebangua korosho kwa mikono mpaka utomvu ukamla ngozi, alama zake zimefutika, na mashine humkatalia kana kwamba ndiye mwenye hila. Kila mfumo wa namna hiyo unaoingizwa hospitalini unapaswa kuwa na njia ya pili iliyoandikwa tangu mwanzo, ambayo mhudumu anaruhusiwa kuitumia bila kumpigia simu mkubwa wake makao makuu.

Sitaki nionekane mtu wa kulalamika tu, maana mfano mzuri tunao nyumbani. Mfumo wa m-mama, wa kumfikisha mama mjamzito hospitalini wakati wa dharura, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, haukumtaka mama mjamzito awe na simu janja wala kifurushi cha intaneti. Kitochi cha jirani kinatosha, namba ni 115, na simu ni bure. Teknolojia yenyewe iko upande wa anayepokea, ambaye hupima uzito wa dharura kwa kufuata maswali yaliyokwisha andaliwa. Gari la wagonjwa lisipokuwa karibu, humwita dereva wa kawaida aliyesajiliwa katika eneo husika, ambaye hulipwa nauli yake kwa simu baada ya kumfikisha mama. Waliousanifu walianza na mama aliye mbali, asiye na fedha, usiku, na wakaacha ugumu wote umwelemee mfumo badala ya kumwelemea yeye. Hata hivyo simu ya sauti humtaka mpigaji aweze kusikia na kusema, na mama kiziwi bado anategemea aliye karibu naye. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu, SHIVYAWATA, vipo, vina ofisi, na vinapaswa kuitwa mezani wakati mfumo ungali mchoro, si siku ya uzinduzi.

Nirudi kwa TMDA na MSD, ambao ndio niliowaandikia. Najua itasemwa kwamba nchi moja haiwezi kuwaamrisha watengenezaji wa dunia. Lakini MSD ndiyo iliyopewa na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, jukumu la kuratibu ununuzi wa pamoja wa dawa na vifaa tiba kwa nchi wanachama, na muuzaji anayetaka soko la nchi 16 hawezi kupuuza sharti la mnunuzi wake. Isitoshe, sharti lenyewe limekwisha kuandikwa na wengine. Tukichukua tu kiwango cha rasimu ya Marekani ya 2025 na kukiweka katika vigezo vya zabuni, mtengenezaji mzuri atakuwa na majibu tayari, na yule anayeuza vibanio vya bei chee visivyo na jaribio lolote nyuma yake atajiondoa mwenyewe. Hospitali zetu za kanda nazo, ambazo zina wodi za wagonjwa mahututi na mashine za kupima gesi katika damu ya ateri, zinaweza kuandika namba ya oksimita kando ya jibu la damu kila zinapochukua sampuli hiyo kwa ajili ya matibabu. Hakuna sindano ya ziada inayohitajika, bali daftari tu, kibali cha kamati ya maadili, na utayari wa kuyachapisha majibu kwa jina la kila aina ya kifaa.

Kifungu ninachokiomba hakizidi mistari mitatu ya karatasi ya zabuni. Ninaomba TMDA itujibu kupitia ukurasa huu kama takwa la majaribio kwa ngozi nyeusi limo katika taratibu zake za sasa za kusajili oksimita, na kama halimo, ni lini litawekwa. Na MSD ituambie oksimita zilizoko kwenye maghala yake leo zilijaribiwa kwa nani.

Wako,
Fundi mstaafu wa vifaa tiba,
Lindi